Aya na ubeti: nani shahidi wa nani katika nahau ya Kiarabu?

Swali lenyewe, kwa kifupi, ni hili:

"Assalamu alaykum, Ustadhi. Mimi ni mwanafunzi, naishi Tanga. Nimemaliza Ajurumia, kitabu cha kuanzia nahau ya Kiarabu, na sasa tunasoma Alfiya, nahau iliyotungwa kwa beti, kwa sheikh wetu. Juzi tulipofika mlango wa atfu (kuunga neno na neno), sheikh alileta ubeti wa mshairi ambaye hata jina lake halijulikani, eti unathibitisha kisomo cha Hamza, yaani namna aliyopokea ya kuisoma Qur'ani, katika aya ya kwanza ya An-Nisaa. Nilishtuka. Tangu lini maneno ya Mwenyezi Mungu yakahitaji kutolewa ushahidi kwa ubeti wa mtu? Si ingekuwa kinyume chake? Tena kama nahau imechotwa kwenye Qur'ani, inakuwaje vitabu viseme neno fulani la Qur'ani ni shadhi, yaani liko nje ya kanuni? Na la mwisho: kazini kwangu yupo anayeniambia kwamba *in hadhani lasahirani* ("hakika hawa wawili ni wachawi") katika Sura Taha ni kosa la nahau. Nimjibu nini?"

Waalaykumu s-salaam, mwanangu. Mshtuko wako una wenyewe. Fakhruddin ar-Razi, aliyefariki mwaka 606 Hijria (1210), aliudhika kwa jambo hilohilo, tena kwenye aya hiyohiyo. Katika tafsiri yake anawastaajabia wananahau wanaoona vyema kuithibitisha lugha hii kwa beti mbili zisizojulikana mwenyewe, halafu wasione vyema kuithibitisha kwa kisomo cha Hamza na Mujahid, nao ni katika wakubwa wa elimu ya Qur'ani miongoni mwa wema waliotangulia. Kwa hiyo usidhani umemkosea adabu sheikh wako. Ila na yeye hakukosea kuuleta ubeti, na hapo ndipo pana kazi.

Kwanza tutenganishe vitu viwili ambavyo watu huvichanganya: Qur'ani yenyewe, na visomo vyake. Kwamba Qur'ani ni hoja katika Kiarabu, hilo halikupingwa na mwananahau yeyote, wa Basra wala wa Kufa, miji miwili ya Iraki iliyokuwa na madhehebu mawili ya nahau. Al-Farraa, imamu wa Kufa aliyefariki mwaka 207 Hijria (822), alisema waziwazi kwamba Kitabu kina Kiarabu safi zaidi na nguvu zaidi katika hoja kuliko mashairi. Suyuti naye, aliyefariki mwaka 911 (1505), alipoandika kitabu chake cha misingi ya nahau, al-Iqtirah, aliweka kanuni pana kabisa: kila kilichopokewa kuwa kimesomwa katika Qur'ani chafaa kuwa hoja ya Kiarabu, kiwe mutawatiri (kilichopokewa na watu wengi mno), kiwe cha mpokezi mmoja mmoja, kiwe hata shadhi (kilicho nje ya visomo mashuhuri). Ugomvi uliokuwepo ulihusu kisomo hiki au kile, na hasa pale kisomo kilipogongana na kanuni ambayo mwananahau alikwisha kuifunga.

Sasa, mbona mashairi yamejaa hivyo? Chukua al-Kitab, kitabu cha nahau cha Sibawayhi, imamu wa Basra aliyefariki karibu mwaka 180 Hijria (796). Mwananahau al-Jarmi alizihesabu beti zake akapata 1,050. Elfu moja kati yake akazijua za nani, hamsini hakuzijua. Aya za Qur'ani humo hazifiki nusu ya hizo. Mtu akizitazama hesabu hizo peke yake atasema Sibawayhi alimtanguliza mshairi. Lakini fikiria alikuwa anafanya nini. Alikuwa anaeleza maneno ya Waarabu, yote, na si maneno ya Qur'ani tu. Na Qur'ani, pamoja na aya zake 6,236, haikushuka ili ipitie kila mlango wa nahau mpaka iumalize. Wewe umesoma kwamba *rubba* ni herufi ya jari, yaani hulijuri (hulitia kasra) jina linaloifuata. Itafute ndani ya msahafu ikiwa imelijuri jina. Hutaipata. Utapata *rubama* tu, mwanzo wa Al-Hijr aya ya 2, nayo imeingia kwenye kitendo. *Mundhu* ("tangu"), ambayo mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anaitumia kila siku, haimo kabisa. Hapo utamwita shahidi gani kama si mshairi, au Mbedui wa jangwani?

Sababu ya pili inahusu mtu wa nje. Qur'ani imejieleza kuwa imeshuka kwa lugha ya Kiarabu iliyo wazi. Anayekubali hilo hahitaji ubeti. Asiyekubali huwezi kumjibu kwa aya, maana aya ndiyo anayoibishia. Ni sawa na kumleta mshtakiwa awe shahidi wa kesi yake mwenyewe. Utamletea mtu wa tatu: mshairi wa zama za ujahilia aliyekufa kabla ya Mtume kupewa utume, ambaye hana faida yoyote katika kesi hii. Akithibitika kusema vilevile, mbishi ananyamaza. Ndiyo maana imepokewa kwa Ibn Abbas kwamba mashairi ni diwani ya Waarabu, na neno la Qur'ani likikutatiza, litafute humo. Mradi hapo ni kumwonyesha msikilizaji kwamba watu walioteremshiwa aya ndivyo walivyokuwa wakisema. Aya yenyewe haipandi daraja wala haishuki kwa ubeti.

Walipokuwa wakiwaita mashahidi hao walikuwa wakali, zaidi ya tunavyodhani leo. Mshairi wa mjini wa baada ya katikati ya karne ya 2 Hijria hasikilizwi. Mwanalugha al-Asma'i aliufunga mlango kwa mshairi Ibn Harma, aliyefariki miaka ya 170 na kitu. Makabila nayo yalichaguliwa: Qays, Tamim, Asad, Hudhayl, na wengine wachache, kwa kuwa hawakuchanganyika sana na wageni. Ukiwa mshairi bingwa wa Baghdad wa karne ya 4, watu watayapenda mashairi yako, watayahifadhi, wataimba, lakini kanuni ya nahau haitajengwa juu yake.

Turudi kwenye aya yako. *Wattaqullaha lladhi tasaaluna bihi wal-arhama*. Wasomaji wengi wamesoma kwa fatha, *wal-arhama*: mcheni Mwenyezi Mungu ambaye kwa jina lake mnaombana, na uogopeni udugu, yaani msiukate. Hamza akasoma kwa kasra, *wal-arhami*: mcheni Mwenyezi Mungu ambaye kwa jina lake, na kwa udugu, mnaombana. Na kweli Waarabu walikuwa wakiombana hivyo, "nakuomba kwa Mungu na kwa udugu tulio nao", kama anavyosema mtu wa pwani anapotaka kumbembeleza nduguye mkaidi.

Maana imekaa sawa. Tatizo la watu wa Basra lilikuwa *-hi* ya *bihi*. Wao walishasema: jina la dhahiri haliungwi na dhamiri (kiwakilishi kama hiyo *-hi*) iliyojuriwa mpaka irudiwe ile herufi ya jari. Husemi *marartu bihi wa Zaydin*, bali *marartu bihi wa bi-Zaydin*. Kwao dhamiri hiyo imegandana na herufi kama kidole na kucha, huwezi kuunga kitu na kipande cha neno. Basi kisomo cha Hamza kikawa mwiba. Al-Mubarrad, kigogo wa Basra aliyefariki mwaka 285 Hijria (898), imepokewa kwamba alisema lau angeswali nyuma ya imamu anayesoma *wal-arhami*, angechukua viatu vyake akaenda zake.

Hamza ni nani hata afanyiwe hivyo? Hamza bin Habib az-Zayyat, aliyefariki mwaka 156 Hijria (773), mmoja wa wasomaji saba ambao visomo vyao ni mashuhuri, aliitwa az-Zayyat kwa kuwa alikuwa akisafirisha mafuta kutoka Kufa kwenda Hulwan, na kurudi na jibini na njugu za huko. Alikuwa mchuuzi mcha Mungu. Kisomo hakukitunga, alikipokea kwa walimu wake, nao kwa walimu wao. Kusema "nahau yangu haikikubali" ni sawa na mtu kuchora ramani ya mji, kisha akikuta mtaa ambao hakuuchora, auambie mtaa uhame.

Ubeti aliouleta sheikh wako nadhani ni ule ulio katika al-Kitab, mojawapo ya zile hamsini: *fal-yawma qarrabta tahjuna wa tashtimuna, fadhhab fama bika wal-ayyami min ajabi*. Leo umeanza kutukashifu na kututukana. Nenda zako, kwako na kwa siku hizi hakuna la kustaajabisha. Tazama *bika wal-ayyami*: jina limeungwa na dhamiri iliyojuriwa, na *bi* haikurudiwa. Sibawayhi aliufahamu ubeti huu, lakini akauweka kwenye fungu la dharura ya shairi, yaani mshairi alibanwa na mizani akajisaidia. Watu wa Kufa wakasema dharura gani, ikiwa msomaji ambaye habanwi na mizani yoyote amesema hivyohivyo?

Hapo ndipo alipoingia Ibn Malik, mwenye Alfiya yako, mzaliwa wa Jaén kule Andalusia aliyefariki Damascus mwaka 672 Hijria (1274). Bila shaka umekwisha kuzihifadhi beti zake hizi, au karibu utazihifadhi:

*Wa awdu khafidhin lada atfin ala*
*dhamiri khafdhin laziman qad juila*
*wa laysa indi laziman idh qad ata*
*fin-nathri wan-nadhmi s-sahihi muthbata*

Kurudiwa kwa herufi ya jari pale unapounga na dhamiri iliyojuriwa kumefanywa kuwa lazima. Na kwangu mimi si lazima, kwani imethibiti katika maneno ya nathari na katika mashairi sahihi. Soma tena neno *nathri*. Nathari, yaani maneno yasiyo shairi, anayoikusudia ni kisomo cha Hamza. Nadhmu, yaani shairi, ni ubeti wa yule asiyejulikana. Mashahidi wawili, kila mmoja anaziba pengo la mwenzake. Ubeti peke yake ungeambiwa ni dharura ya mizani; kisomo peke yake kingeambiwa kina tafsiri nyingine, kwa mfano kwamba *wa* hapo ni ya kiapo. Vikisimama pamoja, visingizio vyote viwili vinaanguka. Sheikh wako alipouleta ubeti alikuwa anamfuata Ibn Malik hatua kwa hatua. Labda alichosahau ni kukwambieni nani kati ya mashahidi hao ndiye mkubwa.

Mimi niko upande wa Ibn Malik katika hili, wala sifichi. Ila sipendi wanavyobezwa watu wa Basra na baadhi ya walimu wa siku hizi, kana kwamba walikuwa hawaiheshimu Qur'ani. Sibawayhi mwenyewe ana neno moja ambalo ningependa kila mwanafunzi alijue. Anazungumzia *inna kulla shay'in khalaqnahu biqadar*, na *wa amma Thamudu fahadaynahum*, ambako baadhi wamesoma *Thamuda*. Anaeleza upi kati ya rafa (dhamma mwishoni, kama *Thamudu*) na nasbi (fatha, kama *Thamuda*) una mwendo mzuri zaidi katika maneno ya Waarabu, kisha anasema: isipokuwa kisomo hakiendewi kinyume, kwani kisomo ni sunna. Yaani mwananahau anaweza kupima, anaweza hata kupendelea kitu kingine, lakini hana ruhusa ya kubadilisha kilichopokewa.

Na yuko mahali pengine penye utamu zaidi. Katika Sura Yusuf aya ya 31, wale wanawake wa mjini wanasema *ma hadha basharan*, huyu si mtu. Hijazi wanaifanya *ma* ifanye kazi ya *laysa* ("si"), inanasibu habari, yaani kile kinachosemwa juu ya mtu. Tamim hawaifanyishi kazi, kwao ingekuwa *basharun*. Sibawayhi anasema Banu Tamim wanaisoma kwa rafa, ila yule anayejua ilivyo katika msahafu. Mimi nikisoma hapo huwaona watu: Mbedui wa Tamim hema lake limesimama jangwani, anasoma aya aliyoisikia kwa masikio, na ulimi wake unampeleka kwenye lahaja ya mama yake, kama Mwamu atakavyosema *ndia* pale Mwunguja anaposema *njia*. Aliyeuona msahafu anajirekebisha. Kwa hiyo aya moja inashuhudia mambo mawili: kwamba hii ni lugha ya Hijazi, na kwamba walikuwepo Waarabu fasihi wasiosema hivyo. Usingeyajua yote mawili kwa msahafu peke yake.

Sasa neno shadhi, ambalo naona ndilo lililokuumiza zaidi. Katika Kiswahili chetu "shadhi" ikitamkwa madrasa inasikika kama "mbovu". Kwa wananahau haina maana hiyo. Ibn Jinni, aliyefariki mwaka 392 Hijria (1002), ameligawa jambo hili katika al-Khasa'is kwa namna inayomaliza maneno. Kuna kilichoenea katika matumizi na pia katika kipimo. Kuna kilichoenea katika kipimo lakini hakitumiki sana. Kuna kilichoenea katika matumizi ilhali ni shadhi katika kipimo. Na kuna kilicho shadhi kote kuwili, ambacho hakifuatwi.

Mfano wa fungu la tatu ni *istahwadha*, Al-Mujadala aya ya 19: *istahwadha alayhimu sh-shaytan*, shetani amewatawala. Kwa kipimo, wau ile ingegeuka alifu, tukapata *istahadha*, kama *istaqama* na *istaana*. Waarabu hawakusema hivyo. Walisema *istahwadha*, na Qur'ani ikaja nayo. Basi hukumu yake ni nini? Ibn Jinni anasema unalitamka kama lilivyosikika, wala huligeuzi, lakini hulichukui likawa kigezo ukaenda kusema *istaqwama*.

Ukitaka kulishika hili kwa lugha yako, fikiria kitendo *kuja*. Kwa kipimo ungemwambia mtu "ja". Humwambii hivyo, unamwambia "njoo". Nani atathubutu kusema "njoo" ni Kiswahili kibovu? Lakini pia hakuna anayeichukua "njoo" akaifanya mizani ya vitendo vingine, akamwambia mtoto "nloo" akimaanisha "kula". "Njoo" imeenea mdomoni kuliko vitendo vingi vilivyonyooka, na katika kipimo iko peke yake. Mwandishi wa nahau akiita hiyo shadhi, hajaitukana. Amekuzuia wewe usiipimie.

Lilipo kosa la kweli ni pale mwananahau anapoipinda aya ili kanuni yake ipone. Mfano wake mzuri ni *min*. Watu wa Basra walisema *min* ("kutoka") ni ya mwanzo wa mahali, si ya mwanzo wa wakati. Kwa wakati sema *mudh* au *mundhu*. Watu wa Kufa wakawaletea At-Tawba aya ya 108: *lamasjidun ussisa ala t-taqwa min awwali yawmin*, msikiti uliojengwa juu ya ucha Mungu tangu siku ya kwanza. Siku ya kwanza ni wakati, hata mtoto anajua. Watu wa Basra wakajibu: hapo pana neno limefichwa, makusudio ni *min ta'sisi awwali yawmin*, tangu kuasisiwa siku ya kwanza. Ibn al-Anbari, aliyefariki mwaka 577 Hijria (1181), ameyaandika majibizano haya katika al-Insaf, ambamo amekusanya masuala 121 ya ugomvi wa Basra na Kufa, na mara nyingi huegemea Basra. Mimi kila nikiisoma takdiri hiyo natabasamu. Hata kuasisiwa kuna wakati wake! Ibn Malik hakupoteza muda: *baidh wa bayyin wabtadi' fil-amkina, bi-min wa qad ta'ti libad'il-azmina*. Na wakati mwingine huja kwa mwanzo wa zama. Basi.

Yupo na Ibn Amir, kadhi wa Damascus na mkongwe wa wale saba, aliyefariki mwaka 118 Hijria (736), yaani kabla Sibawayhi hajazaliwa. Katika Al-An'aam aya ya 137 amesoma *qatlu awladahum shuraka'ihim* ("washirika wao kuwaua watoto wao"), akatenganisha mudhafu na mudhafu ilayhi, yaani *qatlu* na *shuraka'ihim* zilizofungamana, kwa maf'ulu (mtendwa), *awladahum*. Zamakhshari, aliyefariki mwaka 538 (1144), alikishambulia kisomo hicho kwa ulimi mkali katika al-Kashshaf. Ibn Malik akasema katika nadhmu yake nyingine, al-Kafiya ash-Shafiya, kwamba tegemeo lake ni kisomo cha Ibn Amir, na ni wengi walioje wanaokiunga mkono. Abu Hayyan wa Granada naye, aliyefariki mwaka 745 (1344), alimjia juu Zamakhshari: ajabu iliyoje, asiye Mwarabu, dhaifu wa nahau, anamrudi Mwarabu safi katika kisomo mutawatiri. Maneno makali, na kumwita Zamakhshari dhaifu wa nahau ni dhulma tupu, lakini katika suala lenyewe nadhani Abu Hayyan alikuwa na haki.

Hadithi nimeziacha makusudi, maana hukuuliza. Kwa ufupi, wa mwanzo walizitumia kidogo kwa kuwa wapokezi wengi walipokea kwa maana, si kwa lafudhi, na wengi wao hawakuwa Waarabu. Ibn Malik alizitumia sana, na huyohuyo Abu Hayyan akamlaumu kwa hilo.

Kabla ya lile la kazini kwako nikusimulie kisa, maana kinaonyesha shahidi wa wakati ule alikuwa na nguvu kiasi gani. Sibawayhi alikwenda Baghdad akakutanishwa na al-Kisa'i, imamu wa Kufa na mmoja wa wasomaji saba, mbele ya waziri Yahya al-Barmaki. Akaulizwa: nilikuwa nikidhani nge anauma zaidi kuliko nyigu, *fa idha huwa*... nini? *Hiya* au *iyyaha* (zote ni "yeye", ya kwanza ya rafa, ya pili ya nasbi)? Sibawayhi akasema *hiya*, rafa tu, nasbi haifai. Al-Kisa'i akasema Waarabu wanasema yote mawili. Wakaitwa Mabedui waliokuwa mlangoni, wakampa ushindi al-Kisa'i. Wapo wanaosimulia kwamba walijua nani mwenye cheo pale barazani. Sibawayhi akaondoka na huzuni, wala hakuishi sana baada yake. Waliokuja baadaye wakasema: laiti lingetazamwa lililo katika Qur'ani! *Fa idha hiya baydhau*, kumbe mkono ni mweupe. *Fa idha hiya hayyatun tas'a*, kumbe fimbo ni nyoka aendaye mbio. *Idha* hii ya ghafla ndiyo "kumbe" yetu, na kila ilipo katika Qur'ani linaloifuata limerufaiwa. Lakini siku ile waliosikilizwa ni watu waliosimama mlangoni kwa miguu yao.

Mtu wako wa kazini sasa. Taha aya ya 63. Hoja yake najua inavyokwenda: *inna* inanasibu, muthanna (umbo la wawili) ukinasibiwa huwa kwa yaa, basi ingekuwa *hadhayni*. Mwulize kwanza: kwani wewe unasoma *inna*? Kisomo cha Hafs kutoka kwa Asim, ambacho ndicho tunachosoma wengi wetu huku pwani, kinasema *in*, nyepesi. Ibn Kathir, msomaji wa Makka, pia, isipokuwa yeye anaitia shada nuni ya *hadhanni*. Aliyesoma *inna* pamoja na *hadhayni* ni Abu Amr bin al-Alaa wa Basra, aliyefariki mwaka 154 Hijria, na inapokewa kwamba alisema anamwonea haya Mwenyezi Mungu kusoma *inna hadhani*. Unaona, hata yeye mwananahau wa Basra alisimama kwenye kisomo alichokipokea.

Wasomaji waliobaki wamesoma *inna hadhani*, na hicho ndicho chenye mjadala. Jibu lake mashuhuri ni kwamba ni lahaja ya Banu al-Harith bin Ka'b na waliokuwa nao, ambao muthanna wao una alifu katika hali zote tatu. Na shahidi wao ni mshairi, tena utamkuta katika sherehe ya Ibn Aqil, yaani ufafanuzi wake wa Alfiya, mnayoisoma: *inna abaha wa aba abaha, qad balagha fil-majdi ghayataha*. Kwa kipimo ungetarajia *aba abiha*, na *ghayatayha*. Hapa tena ubeti umekuja kuishuhudia aya. Hukushtuka, sivyo? Kwa sababu hapa kilichotafutwa ni kumwonyesha mbishi kwamba wapo Waarabu waliosema hivi.

Kwa irabu yako mwenyewe (nasemea irabu ya Kiarabu, ile ya mwisho wa neno, si *a, e, i, o, u* za darasa la Kiswahili) fungua msahafu wako wa Hafs. Nuni ya *in* ina sukuni, haina shada. Neno *hadhani* halikuandikwa alifu wala yaa, ziko alifu ndogo zimewekwa juu, na hiyo ndiyo sababu hati moja ilichukua visomo vyote hivi bila kuvunjika. Andika hivi: *in*, imekhafifishwa kutoka *inna*, haifanyi kazi. *Hadhani*, mubtadaa (kinachozungumziwa), iko mahali pa rafa. Lamu ya *lasahirani*, ni ya kutofautisha, imewekwa ili *in* hii isidhaniwe kuwa ile ya kukanusha. *Sahirani*, habari, imerufaiwa kwa alifu kwa kuwa ni muthanna. Mpelekee karatasi hiyo mtu wako, umwombe akuonyeshe kosa liko kwenye mstari gani.

Ukimaliza hiyo, nenda An-Nisaa aya ya 162. Utakuta *ar-rasikhuna*, *wal-mu'minuna* na *wal-mu'tuna*, zote kwa wau. Katikati yake imekaa *wal-muqimina s-salata* kwa yaa. Usimwulize sheikh kwanza. Jaribu mwenyewe, kisha niandikie umeinasibu kwa nini.